SIHA: Mazoea ya wazee yaliyo ngao dhidi ya shinikizo la damu

UKIONA vyaelea, vimeundwa. Methali hii aghalabu hutumiwa kuhusu vyombo vya baharini, lakini inamsadifu vilevile ajuza wa miaka 90 anayeamka alfajiri, akapalilia kunde zake na kwenda sokoni kwa miguu kabla jua halijawa kali. Wanaomtazama husema amejaliwa umri. Huenda ni kweli. Hata hivyo, siha hiyo imeundwa pia, kidogo kidogo, kwa mazoea ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuyahesabu kuwa tiba.

Kinachostaajabisha ni hali ya wanawe walioenda kutafuta riziki mijini. Mmoja huambiwa na daktari kwamba ana shinikizo la juu la damu akiwa hajatimiza hata miaka 40. Mwingine hupooza upande mmoja wa mwili kwa kiharusi kabla hajamaliza kusomesha watoto. Ng'ombe huuzwa, kisha kipande cha shamba, na harambee huitishwa ili kulipa gharama za hospitali.

Damu ni ile ile na ukoo ni ule ule. Basi, ni nini kilichobadilika?

Swali hili liliulizwa nchini Kenya zamani, na majibu yake yana manufaa makubwa kwa yeyote anayetamani kuishi miaka mingi akiwa na nguvu zake.

Mnamo mwaka 1929, daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akihudumu katika eneo lililoitwa Kavirondo Kusini wakati huo, alichapisha katika jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza matokeo ya kuwapima wenyeji wapatao 1,000. Aligundua kwamba shinikizo lao la damu halikupanda kadiri umri ulivyosonga, kama ilivyokuwa kawaida huko Ulaya. Kwa waliopita umri wa miaka 40, lilielekea hata kushuka.

Miongo kadhaa baadaye, watafiti wa Kenya na Uingereza, akiwemo Dkt Neil Poulter, waliwafuatilia watu wa jamii ya Waluo waliokuwa wakihama kutoka vijiji vilivyo karibu na ufuo wa kaskazini wa Ziwa Victoria na kwenda kuishi Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la BMJ.

Wahamiaji hao walikuwa na shinikizo la juu kuliko wenzao wa kijijini, na tofauti hiyo ilianza kujitokeza mapema baada ya kuwasili jijini. Mkojo wao ulipopimwa, ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi na vyakula vyenye madini ya potasiamu kwa uchache kuliko hapo awali.

Kwa maneno mengine, mtu yule yule, aliyezaliwa na wazazi wale wale, alibadilika mwilini kwa sababu sahani yake na siku yake zilibadilika. Hilo ni onyo. Pia ni habari njema, kwani kilicholetwa na mazoea chaweza kupunguzwa kwa mazoea.

Chumvi isiyoonekana

Ili kuelewa jinsi chumvi inavyodhuru, yafaa kuutazama mwili kama mfumo wa mabomba ya maji. Chumvi ina madini ya sodiamu, na sodiamu huvuta maji. Mtu anapokula chumvi kupita kiasi, maji mengi hubakia katika mishipa ya damu na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Figo hujitahidi kuitoa chumvi hiyo kupitia mkojo, lakini zikilemewa mwaka nenda mwaka rudi, shinikizo husalia juu.

Mishipa inayosukumwa hivyo kila siku hukakamaa. Msuli wa moyo nao hunenepa kisha huchoka. Hatimaye mshipa mdogo ubongoni huziba au kupasuka, na hicho ndicho kiharusi. Katika safari hiyo yote, ambayo huenda ikachukua miaka 10 au 20, mwathiriwa kwa kawaida hahisi maumivu yoyote. Ndiyo maana maradhi haya huitwa muuaji wa kimyakimya.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kiasi hicho ni takriban kijiko kimoja kidogo cha chai, na kinajumuisha chumvi yote: iliyopikiwa, iliyoongezwa mezani, na ile ambayo tayari imo ndani ya vyakula vya dukani.

Hiyo ya mwisho ndiyo huwaponyoka wengi. Mkate una chumvi, ingawa hauonekani kuwa nayo. Soseji, tambi za kupikwa kwa dakika chache, vibanzi vilivyonyunyiziwa chumvi na vidonge vya kukolezea mchuzi vyote vinayo. Mpishi anayetia kidonge cha mchuzi, kisha akatia chumvi kama kawaida, ametia chumvi mara mbili.

Hata desturi za jadi hazikosi kasoro katika jambo hili. Magadi yanayotumiwa kulainishia maharagwe, mahindi makavu au mrenda yana sodiamu tele. Kuloweka nafaka na maharagwe usiku kucha huyalainisha na kupunguza haja ya magadi.

Njia rahisi ya kuanza ni kuondoa kikopo cha chumvi mezani, kisha kupunguza kiasi cha kupikia hatua kwa hatua. Ulimi huzoea. Baada ya majuma machache, chakula kilichoonekana kukosa ladha huwa kitamu, na kile cha zamani huonekana chumvi tupu. Limau, kitunguu saumu, tangawizi, dania na pilipili huziba pengo hilo pasipo madhara kwa mishipa.

Mboga za kienyeji

Upande wa pili wa mizani ni potasiamu. Madini haya huzisaidia figo kuitoa sodiamu na huifanya mishipa ya damu ilegee. Hupatikana kwa wingi katika ndizi, viazi vitamu, maharagwe, parachichi, na mboga za majani kama vile mnavu, mchicha, kunde na saga.

Hivi ndivyo vyakula ambavyo vizazi vilivyotangulia vilikula bila kuambiwa na yeyote. Kwa muda mrefu mboga hizo zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini, na anayepata fedha akawa huonyesha ufanisi wake kwa nyama choma, soda na mkate mweupe. Siku hizi mnavu na kunde zimerejea katika maduka makubwa na hoteli za mijini, na thamani yake inatambuliwa upya.

Nguvu ya mabadiliko madogo ya aina hii ilidhihirika nchini Uchina katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Watu wapatao 21,000 katika vijiji 600 walishiriki, wengi wao wakiwa wamewahi kupatwa na kiharusi. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida, na nusu nyingine vikapewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu. Hakuna aliyebadilishiwa mapishi. Hata hivyo, visa vya kiharusi katika vijiji vilivyobadilishiwa chumvi vilipungua kwa asilimia 14.

Tahadhari ni muhimu hapa. Mwenye maradhi ya figo, au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo, hafai kutumia chumvi ya namna hiyo pasipo ushauri wa daktari, maana potasiamu ikizidi mwilini mwake yaweza kuuvuruga moyo.

Dereva na utingo

Zoea la pili ambalo wengi huliacha wanapohamia mjini ni kutembea. Anayefahamu matatu za Kenya anajua tofauti ya siku ya dereva na siku ya utingo. Mmoja huketi kutwa nzima ameshika usukani. Mwenzake hupanda, hushuka, hukimbia na kusimama mlangoni.

Tofauti hiyo hiyo ndiyo iliyomzindua daktari Jerry Morris wa Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mabasi ya London wakati huo yalikuwa na ghorofa mbili. Madereva walikuwa wameketi kwa sehemu kubwa ya zamu yao, ilhali makondakta walipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku wakikusanya nauli. Watu hao walifanya kazi katika basi moja na kuvuta hewa moja.

Morris alipochapisha matokeo yake mwaka 1953, ilibainika kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na hata waliopatwa nayo hawakufa ghafla kwa wingi kama madereva. Uchunguzi huo ulikuwa miongoni mwa misingi ya elimu ya leo kuhusu mazoezi na moyo. Morris mwenyewe alidumisha mazoezi hadi uzeeni, na alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Siku hizi WHO inashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa juma. Hizo ni dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano. Hazihitaji ada ya ukumbi wa mazoezi wala viatu vya bei ghali. Anayeshuka matatu vituo viwili kabla ya chake, anayepanda ngazi badala ya lifti, na anayekwenda dukani kwa miguu badala ya kuita bodaboda, amekwisha kutimiza sehemu kubwa ya kiasi hicho.

Kipimo cha mwendo unaofaa ni rahisi. Anayetembea awe anaweza kuzungumza, lakini asiweze kuimba.

Kula kwa kiasi

Kisiwa cha Okinawa nchini Japani kimesifika kwa miaka mingi kuwa makao ya wazee waliovuka miaka 100. Wazee hao walikula viazi vitamu, mboga na maharagwe ya soya, na walikuwa na desturi ya kuacha kula pindi tumbo linapokaribia kujaa, yaani kama sehemu nane kati ya kumi.

Lakini mkasa wa Okinawa una sura ya pili, isiyosimuliwa mara nyingi. Baada ya vita, kisiwa hicho kilikaliwa na majeshi ya Marekani, na polepole vyakula vya nyama za mikebe na vya kukaanga vikaenea. Mwaka 1995 wanaume wa Okinawa walishika nafasi ya 4 kwa urefu wa maisha kati ya mikoa 47 ya Japani. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wameporomoka hadi nafasi ya 26. Wazee waliendelea kuishi sana, ilhali wanao wa makamo walikuwa wakifariki mapema.

Funzo lake linafanana na lile la wahamiaji wa Nairobi. Maisha marefu hayarithiwi kama shamba. Kila kizazi hulazimika kuyatafuta upya, na kizazi kimoja tu chatosha kuyapoteza.

Kwa Mkenya wa kawaida, kula kwa kiasi si lazima kumaanishe kujinyima. Nusu ya sahani yaweza kuwa mboga na matunda, robo ugali, wali au viazi, na robo iliyosalia maharagwe, samaki, kuku au nyama. Chai yaweza kunywewa kwa sukari kidogo. Maji yaweza kuchukua nafasi ya soda. Ugali wenyewe, ukipikwa kwa unga wa wimbi, mtama au mahindi yasiyokobolewa, humwacha mlaji ameshiba kwa muda mrefu zaidi.

Moshi na chupa

Pana mazoea ambayo faida yake yamo katika kuyaacha. La kwanza ni tumbaku. Mwaka 1951 watafiti wa Uingereza, akiwemo Richard Doll, walianza kuwafuatilia maelfu ya madaktari wanaume kuhusu uvutaji wao wa sigara. Waliwafuata kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba waliovuta maishani mwao walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta.

La kutia moyo ni kwamba kuacha kulisaidia katika kila umri. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka 3, aliyeacha akiwa na 50 akajiongezea 6, na aliyeacha akiwa na 40 akapata 9. Aliyeacha akiwa na 30 alikaribia kuikomboa yote 10. Ni dhahiri kwamba kauli ya "nimekwisha kuchelewa" haina msingi.

Pombe nayo hupandisha shinikizo la damu, na kadiri inavyonywewa ndivyo inavyopandisha. Isitoshe, humvurugia mnywaji usingizi, japo humlaza haraka.

Usingizi na baraza

Usingizi ni hazina nyingine iliyoporwa na maisha ya mjini. Shinikizo la damu hushuka mtu anapolala, na moyo hupata nafasi ya kupumzika. Wataalamu wanashauri watu wazima walale kwa muda usiopungua saa 7. Anayelala saa 4 au 5, kisha akaamka kuwahi matatu ya kwanza kila siku, huunyima moyo wake mapumziko hayo. Kuzima simu na runinga mapema huleta nafuu bila gharama yoyote.

Hali kadhalika, upweke umebainika kuwa hatari kwa siha. Mwaka 2010, mtafiti wa Marekani Julianne Holt-Lunstad na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 300,000. Waligundua kwamba wenye mahusiano thabiti na watu wengine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 50, wa kuwa hai mwishoni mwa muda wa tafiti hizo.

Kijijini, jambo hili halikuhitaji kupangwa. Mzee aliketi barazani, akacheza bao, akaulizwa shauri, akalea wajukuu. Mjini, yapasa lipangwe: chama cha akina mama, kwaya, kikundi cha kutembea pamoja Jumamosi asubuhi, au kumjulia hali jirani. Anayetarajiwa mahali fulani, asipoonekana hutafutwa. Wengi wameokolewa na jambo hilo pekee.

Busara isiyotosha

Hata hivyo, ni kosa kuyasifu ya kale kupita kiasi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wastani wa umri wa kuishi haukufikia miaka 50, kwani watoto wengi walifariki kwa malaria, surua na kuhara kabla ya kuonja utu uzima. Maji safi, chanjo na dawa ndivyo vilivyoongeza umri huo hadi zaidi ya miaka 60. Asili haikutosha wakati huo, na haitoshi leo.

Jambo moja ambalo wazee hawakuwa nalo ni kipimo cha shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulibaini kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya walioulizwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani.

Kupimwa huchukua dakika chache. Mpimwaji anafaa kutulia kitini kwa dakika 5, mgongo umeegemea na nyayo zimekanyaga sakafu, bila kuwa amevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Kipimo kikionyesha 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, yapasa kumwona daktari. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo na sukari, na huwatembelea wananchi majumbani. Kuwafungulia mlango ni hatua ya kwanza.

Kwa aliyekwisha kugunduliwa na maradhi, mazoea mema huandamana na dawa. Hayachukui nafasi yake. Wagonjwa wengi humeza vidonge kwa mwezi mmoja, wakajihisi buheri, wakaviacha au kuvibadilisha kwa mitishamba na maji ya kitunguu saumu. Ukweli ni kwamba walijihisi hivyo hata kabla ya kuanza kuvimeza, kwa kuwa maradhi haya hayana dalili za kutegemewa. Shinikizo limeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi, na dawa ikikoma hupanda tena. Ni daktari pekee anayefaa kuipunguza au kuisimamisha.

Mwanzo mwema ni kuchagua zoea moja badala ya yote kwa mpigo: juma hili kikopo cha chumvi kiondoke mezani, mwezi ujao kituo kimoja cha matatu kigeuzwe matembezi, na siku ya kwenda sokoni iwe pia siku ya kupimwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kiharusi hujengwa kwa mali ya familia nzima.

Ajuza yule wa kunde hakuwahi kusoma jarida lolote la kitabibu. Lakini kila asubuhi aliinama, akapalilia, akatembea, akala alichopanda na kusimama njiani kuwajulia hali majirani. Yote hayo yanawezekana hata katika nyumba ya kupanga jijini, kwa anayeamua kuanza leo.